Boneti Yenye Kufuli

Inspekta Nikodemu Ntahondi aliamka na kichwa kizito, akameza klorokwini kwa chai iliyolala, akaenda kazini kwa miguu kwa sababu gari la kituo lilikuwa limechukuliwa kubeba watu. Mwaka ule wa tisini na saba kila kitu chenye magurudumu mjini Kigoma kilikuwa kimechukuliwa kubeba watu. Waliovuka ziwa kutoka Kongo walibebwa, waliotoka Burundi kwa miguu walibebwa, na sasa ilikuwa imeshuka amri kwamba hata wale waliokwishajichanganya mitaani, wakapanga vyumba na kuuza dagaa, nao wakusanywe wapelekwe kambini. Nikodemu alikuwa amechoka kuanzia nywele hadi kucha, na hiyo ilikuwa Jumatatu tu.

Mbele ya kaunta alimkuta Mama Stephania amekaa sakafuni, kanga imefunika magoti, kikapu cha chakula mbele yake. Alikuwa mama yake Dotto Mlondwa, dereva wa Toyota aliyekamatwa Jumamosi usiku kwa kosa la kuchoma gari la Mzee Yassir wa Ujiji.

"Shikamoo, Afande. Chakula chake kimepoa mara mbili."

"Marahaba, mama. Mpelekee. Askari atakufungulia."

Nikodemu alikuwa hajakaa vizuri mkuu wake alipoingia, kofia mkononi, naye hakuonekana kuwa amelala.

"Hili jalada la gari lililochomwa lifunge leo," mkuu alisema. "Mtu alitoa vitisho hadharani, mkono wake umeungua, na mlalamikaji anasema ni mtu wa ng'ambo ya ziwa. Hana cheti cha kuzaliwa. Lori la kambini linaondoka saa tisa. Apande, tupunguze kazi."

"Anasema amezaliwa Ujiji, Afande."

"Wote wanasema hivyo. Ukiniletea aliyechoma kabla ya saa tisa, na sababu yake iliyonyooka, huyu atabaki. La sivyo apande."

Nikodemu akamtoa Dotto mahabusu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kuanzia kiganjani.

"Mkono umefanyaje?"

"Rejeta, Afande. Nilifungua kifuniko injini ikiwa ya moto."

"Dereva mzoefu kama wewe?"

"Nilikuwa na haraka. Abiria walikuwa wananipigia kelele."

"Alhamisi, kijiweni Katubuka, ulisema Jumapili ndiyo mwisho wa Sultani. Watu wengi wamesikia."

"Nilisema."

"Sultani ni Landrova ya Mzee Yassir. Jumamosi usiku ikaungua. Ulikuwa na maana gani?"

Dotto akatazama dirisha lililokuwa juu mno kumwonyesha chochote. "Utani wa magari tu, Afande."

"Utani gani? Nieleze niuandike."

"Wa kijiweni."

"Dotto, saa tisa unapandishwa lori. Huko utakaa kwenye hema, na mama yako atabaki peke yake. Nipe kitu cha kukusaidia."

"Nimesema sikuchoma," Dotto alijibu polepole. "Mzee Yassir ndiye aliyenifundisha usukani. Siwezi kumchomea gari. Hayo mengine hayana msaada kwangu."

Akanyamaza moja kwa moja. Nikodemu alikuwa amewahoji waongo wengi, na waongo huongea. Huyu alikuwa amebana kitu na alikuwa tayari kubebwa nacho. Jambo hilo lilimuudhi Inspekta, kwa maana lilimlazimisha kutoka nje kwenye jua.

Ugomvi wenyewe mji mzima uliujua. Madereva wa Kigoma walikuwa pande mbili, na ukikaa kijiweni pao dakika tano utaulizwa wewe ni upande gani. Watu wa Landrova walisema Toyota ni gari la kuazima, linaoza kwa kutu ukilitemea mate. Watu wa Toyota walijibu kwamba Landrova ni sufuria la alumini lililowekewa usukani. Walibishana asubuhi na jioni, na Jumapili walikwenda kumaliza ubishi kwenye mlima wa Kidahwe, barabara ya Kasulu. Gari lilisimamishwa katikati ya mwinuko, mpinzani akaweka yai la kuku nyuma ya gurudumu, kisha dereva akatakiwa kuondoka kupanda juu bila kurudi nyuma hata kidogo. Yai likipasuka, aliyeshindwa aliwanywesha wote chai. Yai likipona, mshindi alifungua boneti mbele ya watu, injini ikatazamwa na kusifiwa, kila mtu akaridhika kwamba hapakuwa na ujanja. Mzee Yassir alikuwa bingwa wa upande wa Landrova kwa miaka mingi. Lakini tangu mwezi wa Ramadhani hakuonekana mlimani, mara mgongo, mara msiba, mara safari. Nikodemu, aliyekuwa na baiskeli tu, aliyaona hayo yote ni mambo ya watu wasio na majalada mezani.

Akamchukua Koplo Winfrida, wakapanda gari la abiria hadi Ujiji.

Mabaki ya Sultani yalikuwa kando ya nyumba ya Mzee Yassir, kwenye kichochoro cha kuelekea ziwani. Watoto walifukuzwa. Nikodemu alizunguka mabaki yale mara mbili, mikono nyuma, huku Winfrida akimfuata.

"Viti vya nyuma ulivichunguza juzi?"

"Kulikuwa na giza, Afande, na watu walikuwa wanamwaga maji."

"Tazama sasa. Sponji ya nyuma ipo. Turubai limeungua nusu. Mbele hakuna kilichobaki."

"Moto ulianzia mbele."

"Mtu mwenye hasira anayepita njia, ana dumu la petroli, anamwaga wapi?"

Winfrida akafikiri. "Kwenye viti. Au juu ya turubai. Ndipo panaposhika haraka."

"Huyu hakupagusa."

Boneti haikuwepo tena. Bodi ya Landrova ni ya alumini, na moto ulikuwa mkali kiasi kwamba bati la mbele liliyeyuka, likatiririkia injini na kugandia pale, kama uji uliofurika chunguni na kukauka. Nikodemu alichuchumaa, magoti yakamlia. Chini, kati ya magurudumu ya mbele, kulikuwa na majivu ambayo hakuna aliyeyagusa. Aliyachambua kwa kijiti. Akaokota kufuli kubwa la chuma, jeusi kwa masizi. Lilikuwa limefungwa, na bado lilikuwa limeshika pete zake mbili, moja ya boneti na moja ya bodi.

"Gari gani linafungwa boneti kwa kufuli?" alimuuliza Winfrida.

"La mtu anayeogopa wezi wa betri."

"Tangu lini?"

Swali hilo lilijibiwa na jirani, Mama Mariana, aliyekuwa akianika dagaa upande wa pili wa kichochoro na kusikiliza kila kitu bila kuficha.

"Mwakeye, mama," Nikodemu alimsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, Afande. Kufuli amelitia mwaka huu huu. Alilipeleka gari Tabora kwa treni, anasema linakwenda kupigwa rangi. Liliporudi rangi ni ileile, ila kufuli jipya. Nikamwambia, Mzee Yassir, rangi gani hiyo? Akanuna."

"Na mambo mengine? Lilikuwa vilevile?"

"Vilevile wapi! Zamani likiwashwa alfajiri nilikuwa silisikii. Baada ya Tabora linaniamsha kama niko jirani na mashine ya kusaga."

"Dotto umemwona hapa Jumamosi?"

"Dotto akija hapa ananisalimu. Jumamosi hakunisalimu mtu, isipokuwa Mzee Yassir mwenyewe, alipokuja kuniomba gunia la maganda ya mise. Nilidhani ni ya kupikia."

Mise ni kokwa za michikichi, na maganda yake magumu ndiyo kuni ya maskini wa Ujiji. Yakishika moto huchukua muda kuzimika, na joto lake wahunzi wanalijua. Nikodemu akarudi kwenye gari haraka kuliko alivyokuwa ametembea siku nzima. Akamtuma Winfrida aazime nyundo na tindo kwa mafundi wa mitumbwi.

Ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Alumini ilibanduka vipande vipande, na katika upande wa chini wa kila kipande kulikuwa na maganda ya mise, meusi, yameganda ndani ya bati. Winfrida alikishika kimoja akakigeuza juani.

"Afande, haya yalikuwa chini ya boneti kabla haijayeyuka."

"Ndiyo."

"Na boneti ilikuwa na kufuli. Na kufuli halikuvunjwa."

"Ndiyo. Mtu alifungua boneti kwa ufunguo, akajaza maganda juu ya injini, akawasha, akafunga tena boneti yake kwa kufuli. Kwa mazoea tu. Mkono umezoea kufunga."

Winfrida hakufurahi. Hakuna aliyefurahi. "Mwenyewe? Kwa nini? Gari lake hili analipenda kuliko wake zake."

Nikodemu aliendelea kugonga. Kipande kikubwa cha mwisho kilipobanduka, ubavu wa injini ukaonekana. Aliufuta kwa kiganja, kisha kwa konzi ya mchanga, kisha kwa leso yake ya pekee. Herufi zilikuwa zimesubiwa ndani ya chuma chenyewe, kubwa, hazikuhitaji miwani. Alizisoma, akakaa chini pale pale kwenye majivu, suruali ya kazi na yote.

"Winfrida, soma na wewe. Labda ni homa yangu."

"Toyota," alisoma Winfrida.

Mzee Yassir alikuwa barazani kwake juu ya mkeka, kanzu safi, tasbihi mkononi, watu wa Landrova wamemzunguka wakimpa pole na kunywa kahawa. Oswald, aliyekuwa mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikuwa akisema kwamba watu wa Toyota ni mahasidi tangu kuzaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ameshapandishwa lori?"

"Bado. Nina swali dogo. Boneti ya Sultani ilikuwa na kufuli. Ufunguo anao nani?"

"Mimi." Mzee akavuta kamba kiunoni, akauonyesha kwa fahari. "Nalala nao. Hata mwanangu sijampa."

"Na wa pili?"

"Niliutupa ziwani siku ile ile nilipolinunua."

Nikodemu akaweka kufuli lililoungua juu ya mkeka, na pembeni yake kipande cha alumini chenye maganda. Mzee Yassir alivitazama, tasbihi ikasimama.

"Jamani," mzee akawaambia wageni, "tupeni nafasi kidogo."

Walipotoka, alizeeka. Nikodemu alikuwa ameyaona mengi, lakini alimwonea huruma mzee huyu, na huruma hiyo ilimchosha kuliko jua.

"Umeiona injini?" Mzee Yassir aliuliza.

"Nimeiona."

"Ile yake ilikufa mwaka jana. Nilihangaika kutafuta vipuri Bujumbura, kuna vita. Ng'ambo kuna vita. Fundi wa Tabora akaniambia, mzee, iliyopo ni hii, na itaingia. Nililia, Afande. Miaka yote hiyo nimewatukana watu, halafu nipande mlimani na moyo wa adui tumboni? Nikatia kufuli. Nikadhani nitajificha mpaka nife."

"Mpaka Dotto aliposema Jumapili ndiyo mwisho wa Sultani."

"Alisema nitafungua boneti mbele ya wote. Hata nisiposhinda. Wakapiga makofi, na wangu pia wakapiga makofi, eti mzee aje. Ningekataaje tena?" Alijifuta uso kwa ncha ya kanzu. "Nikasema bora Sultani afe na heshima yake."

"Na ukamtaja Dotto."

"Sikumtaja! Waliniuliza kama nimekosana na mtu. Nikasema tulibishana."

"Ukasema pia ni mtu wa ng'ambo."

"Si ni kweli?"

"Babu yako wewe alitoka wapi, mzee?"

"Sisi ni Wamanyema. Ujiji hii tumeijenga sisi."

"Manyema iko upande gani wa ziwa?"

Mzee Yassir aliangalia mkeka. Kutoka nje ilisikika sauti ya Oswald ikiendelea kulaani Toyota.

"Sikujua watampeleka," alisema hatimaye. "Wallahi sikujua. Nilidhani atalala ndani siku mbili, watamwachia kwa kukosa ushahidi. Lori nimelisikia jana, nikaona aibu kurudi nyuma. Afande, andika nimechoma mimi. Nifunge. Lakini injini usiiandike."

"Nisipoiandika sina sababu. Mkuu wangu hataamini kwamba mtu amechoma gari lake lililokuwa linatembea. Atasema nimekuonea, au nimehongwa na watu wa Toyota. Dotto atapanda."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ningekuwa nayo ningekupa. Na hili sitalisema mimi, mzee. Utalisema wewe, kwa mdomo wako, mkuu akikusikia."

Ilikuwa inakaribia saa tisa. Kwenye kituo cha magari Ujiji palibaki gari moja tu la kukodi, Toyota nyeupe, dereva wake akiwa Martini, kijana wa upande ule. Mzee Yassir, ambaye alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba makalio yake hayatagusa kiti cha Toyota, alisimama mlangoni akiwa ameshika fremu. Kisha akainamisha kichwa, akaingia. Martini alimtazama kwenye kioo njia nzima, hakuthubutu hata kukohoa.

Uani kituoni lori lilikuwa linanguruma. Watu walikuwa wamepandishwa na mizigo yao, magodoro, sufuria, kuku mmoja aliyefungwa miguu. Ukutani walikuwa wamejipanga madereva, Landrova upande huu na Toyota upande ule, kwa maana habari zilikuwa zimeenea. Oswald na wenzake nao walifika nyuma ya Martini, wanakuja kushuhudia haki. Dotto alikuwa ameshika ubao wa nyuma wa lori kwa mkono mzima, mguu mmoja umeshapanda. Mama Stephania alikuwa amemshika shati, na askari alikuwa anamwomba kwa upole aachie.

"Subirini!" Nikodemu alipaza sauti, na kichwa kikamgonga. "Afande mkuu, nimemleta mlalamikaji. Ana maneno."

Mkuu alitazama saa yake. "Ayaseme upesi."

Mzee Yassir alifungua mdomo. Akaufunga. Aliwatazama watu wake ukutani, watu aliowafundisha kubadilisha gia na kudharau Toyota. Dereva wa lori akakanyaga mafuta kuonyesha haraka yake. Mama Stephania akaanza kulia kwa sauti.

"Nimechoma mimi," alisema mzee.

"Sauti!" mkuu aliamuru.

"Nimechoma mimi! Dotto hahusiki. Sultani nimemchoma mimi kwa mkono wangu, kwa sababu..." Akashika kifua. "Kwa sababu injini yake ilikuwa ya Toyota. Tangu Ramadhani. Sikutaka muione."

Nikodemu alijiandaa kwa kelele. Alitegemea vicheko vya upande mmoja na matusi ya mwingine, na alikuwa ameshampa Winfrida ishara asogee. Hakuna aliyecheka. Madereva wa Toyota walitazama miguu yao. Oswald alikuwa ameshika kofia, anaikunja.

Mkuu alimtazama Nikodemu, Nikodemu akaitikia kwa kichwa na kumpa kufuli. Mkuu akalipima mkononi. "Mshusheni huyo," alisema, na akaingia ndani kutafuta mtu wa kuandika maelezo.

Dotto alishuka. Mama yake alimpapasa uso, mabega, mkono uliofungwa, kama anayehesabu viungo vyake. Ubao wa nyuma ulifungwa na lori likaondoka na wale wengine, wanaume, wanawake na kuku, ambao hakuna inspekta aliyekwenda kuwatafutia chochote. Nikodemu alilitazama mpaka likakata kona. Alijisikia vibaya na hakuwa na nguvu ya kufanya chochote zaidi ya kujisikia vibaya.

Alipogeuka, Dotto alikuwa amesimama mbele ya Mzee Yassir. Winfrida alikuwa karibu, tayari kuwatenganisha.

"Shikamoo, mzee," alisema Dotto.

Mzee alirudi nyuma hatua moja.

"Ungeniambia tu. Sisi injini tunaijua kwa masikio, wewe ndiye uliyetufundisha. Siku ile uliposhuka stesheni na Sultani, ukawasha, tuliisikia. Tulijua siku ile ile."

"Mkajua?"

"Tukakubaliana tusiseme. Nilitaka Jumapili ufungue boneti mwenyewe, tucheke, tukunyweshe chai, ubishi ule uishe. Tumeuchoka wote."

"Na polisi? Kwa nini hukuwaambia?"

"Nikuvue nguo mbele ya polisi, mzee? Na ningejuaje kwamba umelichoma wewe?"

Mzee Yassir aligeuka polepole kuelekea ukutani, kwa Oswald na wengine wa upande wake, waliokunywa kahawa yake siku mbili.

"Na nyinyi?" aliwauliza. "Na nyinyi mlijua?"

Oswald aliendelea kukunja kofia. "Mzee," alisema, "lilikuwa linapanda mlima vizuri sana. Tungekwambia nini?"

Nikodemu alimshika mzee kwapani, akamkalisha kwenye ngazi ya kituo, akakaa naye, kwa kuwa yeye pia hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Walikaa bega kwa bega, mshitakiwa na mpelelezi, wote wananuka moshi.

"Basi nimemchoma bure," alisema Mzee Yassir.